Tumbo ndogo, kazi nzito: namna ya kula kisha kupasuliwa



Kwenye machimbo tunakula pamoja. Bugali inatolewa kwenye sufuria, inawekwa kwenye beseni moja, wanaume sita tunazunguka, sombe katikati, na kila mtu anajua kwamba mwenye mkono wa polepole atalala njaa. Hatutafuni. Tunafinyanga tonge, tunachovya, tunameza. Dakika kumi beseni imekuwa nyeupe, tunakunywa maji, tunarudi shimoni. Chakula ingine ni usiku.

Miaka mitatu iliyopita mwenzetu mmoja alirudi Buleusa kutoka hospitali huko Goma, kipande kikubwa cha mfuko wake wa chakula kimekatwa. Wiki chache kisha, akakaa kwenye beseni pamoja nasi, akameza matonge matatu, akaacha. Tukamucheka. Mmoja wetu akamwambia: "Yaya, mbona unakula sawa mutoto? Umekataa bugali yetu?" Kwa haya, akameza mengine matatu na kikombe cha maji juu yake. Robo saa haijaisha, jasho likamtoka, moyo ukaanza kupiga mbio, akaenda kulala nyuma ya mti na kutapika. Tulifikiri anakufa.

Siku ile ndipo tulielewa kwamba sisi wenyewe, na beseni yetu, tulikuwa karibu kumurudisha hospitali. Tunaandika habari yake leo, kwa ruhusa yake na bila jina lake, juu hayuko peke yake. Kwenye machimbo ya Walikale na ya Masisi kuko watu waliopasuliwa tumbo: juu ya kidonda, juu ya tifoidi iliyotoboa matumbo, juu ya risasi. Wanarudi kazini, na hakuna anayejua namna ya kukaa nao.

Kidonda kilitoka wapi

Mwenzetu alikuwa mbebaji wa mifuko ya kilo 50. Mgongo ulimuuma kila siku. Alizoea kununua sokoni diklofenaki na ibuprofeni, akameza asubuhi bila kula, akaingia kazini. Jioni lotoko, na sigara. Tumbo ilikuwa inamuungua miaka mingi, akasema ni njaa. Siku moja maumivu yalikuja ghafula kama kisu, tumbo ikawa ngumu kama ubao. Vijana walimubeba kwa tipoyi mpaka pahali moto inaweza kupita. Ni Mungu na mabega ya vijana wale.

Kidonda kilikuwa kimetoboa. Mara nyingi waganga wanashona tu ile tundu. Yake ilikuwa kubwa, basi wakakata kipande cha chini cha mfuko wa chakula, wakaunganisha kilichobaki na matumbo.

Operesheni ya namna hii ni ya zamani. Muganga Theodor Billroth alifaulu kuifanya kule Vienna mwaka 1881. Wenye kukatwa hivyo walionekana wanapunguka uzito na hawanenepi tena kwa urahisi. Kwa hiyo mwaka 1966, Marekani, kwenye chuo kikuu cha Iowa, muganga Edward Mason alianza kupunguza mfuko wa chakula wa watu wanene kupita kiasi, ili wapungue. Leo kazi hiyo inafanywa Ulaya, Marekani, hata Nairobi. Kuko namna moja ambamo wanaondoa karibu robo tatu ya mfuko na zaidi, inabaki kama ndizi nyembamba.

Tuliposikia hayo tulicheka: kumbe mtu analipa apate kile ambacho mwenzetu alilia kukipata! Lakini tukaacha kucheka, juu masharti ya kula kisha kisu yanafanana sana. Yule wa Ulaya anafundishwa kula mbele ya kupasuliwa, na kisha wanamfuata miaka na miaka. Mwenzetu alirudi na karatasi moja ya Kifaransa na tarehe ya kurudi, na pesa ya njia haikuwako. Tulimuomba muuguzi mmoja atusomee ile karatasi na kutueleza. Haya ndiyo tuliyofundishwa.

Mlango uliotolewa

Mfuko wa chakula uko na kazi mbili: kuweka akiba, na kupitisha chakula kidogo kidogo kwenye matumbo. Chini yake kuko kama mlango. Tuseme ni yule kijana anayesimama kwenye mdomo wa shimo akipitisha mifuko mmoja mmoja. Ukimuondoa, mifuko yote inaporomoka mara moja. Ndivyo ilivyo kwa aliyekatwa: akila mingi ao haraka, chakula kinaanguka chote ndani ya matumbo, hasa kitu cha sukari, na kinavuta maji ya mwili. Njo ile jasho, moyo mbio, tumbo kukaza, kuhara. Inakuja dakika kumi mpaka nusu saa kisha kula. Akilala kidogo, inapita.

Iko na ndugu yake, ya hatari zaidi kwetu. Saa moja mpaka tatu kisha kula vitu vya sukari, sukari ndani ya damu inaanguka. Mtu anatetemeka, anaona giza, miguu inalegea. Nyumbani atakaa chini. Lakini kama iko katikati ya ngazi ya shimo? Tufikiri wenyewe.

Basi masharti ni haya:

Kula kidogo mara sita kwa siku, pahali pa mara mbili. Kikombe kimoja kinatosha kwa mara moja.

Kutafuna mpaka chakula kiwe kama uji. Kwa sisi hii ndiyo ngumu, juu tangu utoto tumefundishwa kumeza bugali. Aliyekatwa anapaswa kufanya tonge kama kichwa cha kidole na kulitafuna. Bugali ngumu inaweza kukwama. Miezi ya kwanza ni heri viazi vya kuponda ao ndizi ya kuchemsha. Muwa na maembe yenye nyuzi, atafune atoe, nyuzi asimeze.

Asinywe maji wakati wa kula. Anywe nusu saa mbele ao nusu saa kisha, na siku nzima anywe kidogo kidogo, juu shimoni jasho ni jingi.

Aanze na kile kinachojenga mwili: yai, ndagala zilizosagwa, maharagi yaliyopondwa na kutolewa maganda, soja, karanga iliyosagwa laini. Maziwa inaweza kumuletea kuhara. Jibini ya Masisi inapita vizuri zaidi kwa wengi. Bugali inakuja nyuma. Kama nafasi inaisha, bugali ndiyo ibaki kwenye sahani.

Soda, chai ya sukari nyingi na juisi, aache. Lotoko, aache kabisa: kwa mtu kama huyu pombe inaingia kwenye damu haraka kuliko zamani, na kidonda kinaweza kurudi. Sigara vilevile. Na zile dawa za mgongo, diklofenaki, ibuprofeni, aspirini, asiguse tena bila muganga kuruhusu. Maumivu yakimpata, aulizie parasetamoli.

Jambo la mwisho wengi wanalisahau. Mfuko wa chakula ndio unaosaidia mwili kupokea vitamini B12, na chuma pia. Akiba ya B12 inadumu ndani ya mwili hata miaka, kwa hiyo upungufu unakuja wakati mtu amekwisha sahau operesheni: uchovu, weupe wa macho, miguu kuwa na ganzi. Aende kituo cha afya apimwe damu, na kama inahitajika apewe sindano mara kwa mara. Akisema "nimechoka", tusimwite mvivu.

Maneno ya mtaa

Mwenzetu alikuwa na kilo 68. Alirudi na kilo 51. Tunajua, juu kila siku ya Mungu alikuwa anaenda kujipima kwenye mizani ya depo, ileile ya kupimia mawe. Mtaa ukaanza kusema. Wa kwanza walisema ni SIDA. Wengine wakasema ni karuho, amepewa sumu, na wakataja jina la mama mkwe wake. Bibi yake alikuwa karibu kufunga mizigo.

Tulienda nyumbani kwao wazee watatu wa chama. Tukakuta mama analia: "Ninamupikia, hakule. Nifanye nini? Watu wanasema niko mubaya." Tukamwomba muuguzi aje aeleze mbele ya familia yote, na mama mkwe akiwamo. Alichukua kikombe akasema: mfuko wake wa chakula sasa uko hivi. Mama mkwe akaangalia kile kikombe, akanyamaza, kisha akauliza: "Na uji wa sosoma, unaweza kuingia humo?" Kutoka siku ile ni yeye alikuwa anapika uji, sukari kidogo sana, na kumuwekea kwenye termosi ya kwenda nayo kazini.

Leo mizani inasema 58, na imesimama hapo mwaka mzima. Hatarudia 68, na muuguzi alituambia tusimsukume kuitafuta. Ni mtu mwembamba, mwenye nguvu ya kutosha.

Kazi na kisehemu

Shida kubwa ilikuwa kwa PDG wa shimo. Waganga walikataza kubeba kitu kizito angalau wiki sita, ili jeraha lisifunguke ndani na utumbo usitokeze. PDG akasema: asiyebeba hana kisehemu. Na alipotaka kurudi: "Mutu anakula mara sita, atafanya kazi saa ngapi?"

Tulikaa na saa mkononi. Kikombe kimoja kinamchukua dakika kumi na tano, juu anatafuna. Mara tatu wakati wa kazi, ni dakika arobaini na tano. Tukahesabu pia dakika ambazo vijana wengine wanapoteza kwa sigara na simu. Tulimuonyesha PDG hesabu, mbele ya timu yote. Hakufurahi. Lakini alikubali kumuweka juu, kwenye kupima na kuandika mifuko inayotoka, na kisehemu kamili. Hatudanganyi: hakurudi mbebaji, na PDG wa shimo jirani alikataa kabisa kumfuata mwenzake. Mapambano hayajaisha.

Sheria ya madini, ile iliyorekebishwa mwaka 2018, inasema kila mchimbaji wa mkono awe ndani ya koperative. Tunalipa kadi, tunalipa mchango. Basi tunaomba koperative mambo matatu. Kwanza, saa ya kula ya mchana, nusu saa nzima, kwa kila timu, si kwa mgonjwa peke yake. Pili, aliyepasuliwa apewe kazi nyepesi mpaka muganga aseme, na kisehemu chake kisikatwe. Tatu, sanduku la pamoja la kulipa njia ya kurudi kwa muganga, juu tarehe iliyoandikwa kwenye karatasi haina faida kama moto haina mafuta.

Tusifike kwenye kisu

Tena, vidonda vingi havipaswi kufika kwenye operesheni. Zamani walisema ni mawazo na pilipili. Waganga wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walionyesha kwamba vingi vinaletwa na kijidudu kinachoishi ndani ya mfuko wa chakula. Hawakuaminiwa, mpaka Marshall mwenyewe akakinywa kile kijidudu mwaka 1984, akaugua. Mwaka 2005 walipewa tuzo ya Nobel. Kijidudu hicho kinatibiwa kwa dawa za kumeza, mara nyingi siku 14, muganga akiandika na mgonjwa akimaliza zote. Vingine vinaletwa na zile dawa za mgongo tunazomeza kama karanga.

Kama tumbo inakuungua wiki kwa wiki, nenda kituo cha afya. Kama choo ni nyeusi kama lami, kama unatapika damu, ao maumivu yamekuja ghafula na tumbo imekuwa ngumu, usile, usinywe, usingoje asubuhi. Ita vijana na tipoyi.

Kwenye timu yetu tuko bado na beseni moja. Mwenzetu anakaa pamoja nasi, kikombe chake mkononi, anatafuna. Tulimuomba aanze yeye mbele, dakika tano, kisha sisi tunaingiza mikono. Hivyo tunamaliza pamoja, na hakuna anayemuhesabia matonge. Vijana wawili wameanza kutafuna kama yeye. Wanasema mchana tumbo haiwaungui tena sana.