"Subiri nimalize ripoti": Vichekesho viwili vya ofisini vinavyomgusa mzazi

Jumamosi moja nilimkuta binti yangu wa miaka sita akicheza na mdogo wake sebuleni. Alikuwa amefungua boksi la biskuti kama kompyuta, amebana rimoti sikioni na kuvaa miwani yangu. Mdogo wake alisimama pembeni akisema ana njaa.

"Subiri kidogo, nimalize hii ripoti," dada mtu akamjibu bila kuinua macho.

Nikangoja nione kitakachofuata. Hakikufuata kitu. Mdogo aliendelea kusema ana njaa, dada aliendelea kubonyeza boksi. Nilipouliza wanacheza nini, wakajibu kwa pamoja: "Tunacheza Mama."

Nilicheka, halafu kicheko kikakata. Usiku ule, watoto walipolala, mimi na baba yao tukaweka filamu tuliyoiangalia zamani kabla hatujapata watoto. Wakati ule tulicheka hadi machozi. Safari hii tulicheka pia, lakini kila baada ya dakika kumi tulitazamana.

Mabosi wanane, karatasi moja

Filamu hiyo ni Office Space, kichekesho cha Marekani cha mwaka 1999 kilichoandikwa na kuongozwa na Mike Judge. Kijana Peter Gibbons anafanya kazi katika kampuni ya kompyuta iitwayo Initech. Siku nzima anapitia programu za benki, mstari kwa mstari, akirekebisha tarehe ili mwaka 2000 ukiingia mitambo isichanganyikiwe.

Peter ana mabosi wanane. Siku anayosahau kubandika karatasi mpya ya juu kwenye ripoti, bosi wa kwanza anakuja kumkumbusha. Peter anamwambia ameshaelewa. Anakuja mwingine kumkumbusha. Kisha simu inalia, na ni habari ileile ya karatasi. Ndani ya ripoti yenyewe kuna nini, hakuna anayejali.

Bosi anayemtesa zaidi, Bill Lumbergh, hapigi kelele hata siku moja. Anakuja taratibu, kikombe cha kahawa mkononi, anaongea kwa upole wa kuudhi, halafu anamwomba Peter aje kazini Jumamosi. Akishageuka kuondoka anakumbuka kitu: na Jumapili pia.

Yupo pia Milton, mzee wa kunung'unika chinichini. Meza yake inahamishwa na kuhamishwa hadi anajikuta chini kabisa ya jengo, anaishi na mende. Stepla yake nyekundu anayoipenda inachukuliwa. Kumbe Milton aliachishwa kazi miaka mingi iliyopita, ila hakuna aliyemwambia, na kwa kosa la mfumo wa mishahara akaendelea kulipwa. Wakuu wanapogundua, wanasimamisha mshahara kimyakimya. Kumwambia mhusika bado hawamwambii, kwa sababu hawataki ugomvi.

Peter anakwenda kwa mtaalamu anayetibu watu kwa kuwatuliza hadi wanakuwa kama wako nusu usingizini. Mtaalamu anamtuliza vizuri, lakini kabla hajamrudisha katika hali yake, anaanguka na kufa. Peter anabaki vilevile, hana hofu wala wasiwasi. Jumamosi analala. Simu za Lumbergh zinaita, yeye analala. Anarudi kazini siku anayotaka na kuparua samaki juu ya meza ya ofisi.

Kampuni imeleta washauri wa kupunguza wafanyakazi. Peter anawaeleza ukweli wote: huchelewa, hupitia mlango wa pembeni asionekane, na kwa wiki nzima kazi ya kweli anayofanya labda ni ya dakika 15. Washauri wanavutiwa naye na kusema kijana kama huyu anafaa kupandishwa cheo. Rafiki zake wawili wanaojituma ndio wanaowekwa kwenye orodha ya kufukuzwa.

Siku ya mwisho ya kazi ya marafiki hao, Peter anaondoka na printa iliyowatesa kwa muda mrefu. Wote watatu wanaipeleka uwanjani na kuipiga kwa gongo na mateke mpaka inasambaratika. Kama karatasi imewahi kukukwamia saa 10 na nusu jioni, wakati dereva wa shule anakupigia kuuliza mtoto atapokelewa na nani, utaielewa hasira hiyo bila kuelezwa.

"Huyu hana ada ya kulipa"

Filamu ilipofika hapo baba watoto akasema, "Ila huyu hana ada ya shule ya kulipa."

Ndiyo tofauti. Peter hana mtoto. Akilala Jumamosi, hakuna anayelala njaa. Sisi wengine tungependa sana kuivunja printa, lakini kodi ya nyumba ni ya miezi sita na muhula unafunguliwa Januari.

Tena uasi wa Peter haumfikishi mbali. Yeye na wenzake wanabuni njia ya kuiibia kampuni vipande vidogo vya senti, wanakosea hesabu, na ndani ya siku chache zinakuwa zaidi ya dola 300,000. Kinachomwokoa na jela ni Milton, ambaye hatimaye anachoka na jengo linateketea kwa moto. Peter anaishia kufanya kazi ya ujenzi, koleo mkononi, na anaonekana kufurahi. Ila ofisi haikubadilika. Iliungua tu.

Inasemekana vichekesho hupendwa pale watu wanapojiona ndani yake. Office Space haikufanya vizuri kwenye majumba ya sinema, ikaja kupendwa baadaye kwenye kanda, DVD na televisheni. Ile stepla ilipakwa rangi nyekundu kwa ajili ya filamu tu, kwa kuwa kampuni ya Swingline haikuwa ikiuza ya rangi hiyo wakati ule. Watazamaji waliitaka hadi kampuni ikaanza kuitengeneza.

Kuanzia saa 3 hadi saa 11

Wiki iliyofuata tukatafuta kichekesho kingine cha ofisini, cha mwaka 1980: Nine to Five. Kwa saa zetu ni kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni. Humu waasi ni wanawake watatu, na mmoja wao ni mzazi.

Violet, anayeigizwa na Lily Tomlin, ni mjane mwenye watoto wanne. Amewafundisha kazi wanaume ambao baadaye wanampita vyeo. Judy, yaani Jane Fonda, ametoka kuachwa na mume na hajawahi kuajiriwa. Doralee, yaani Dolly Parton, ni katibu muhtasi ambaye bosi anamsumbua, kisha anawaambia watu kwamba ni mpenzi wake. Wenzake wanamtenga bila yeye kujua sababu.

Chanzo cha filamu hii ni watu halisi. Mwaka 1973, mjini Boston, wanawake wa ofisini walianzisha chama kilichoitwa 9to5 kudai malipo na heshima. Jane Fonda alipata wazo huko, na waandaaji walikaa na wafanyakazi wa ofisini kuwasikiliza, hata kuwauliza kama wamewahi kuota kumkomesha bosi. Walikuwa wameota sana.

Kwenye filamu, Violet anaweka sumu ya panya kwenye kahawa ya bosi kwa bahati mbaya. Jambo linazaa jambo, mpaka wanamfungia bosi nyumbani kwake kwa wiki kadhaa. Doralee anaijua saini ya bosi. Kwa hiyo ofisi inaendelea kupokea maagizo "yake", na hapo ndipo nilipoacha kula bisi.

Wanawake hawa hawachomi jengo. Wanabadilisha ratiba. Wafanyakazi wanaruhusiwa kupanga saa zinazowafaa. Watu wawili wanaweza kugawana nafasi moja ya kazi. Kunafunguliwa sehemu ya kulelea watoto palepale kazini. Malipo ya wanawake na wanaume yanalinganishwa. Kazi inakwenda vizuri kuliko zamani, hadi mwenyekiti wa kampuni anakuja mwenyewe kutoa pongezi. Bosi anazipokea kama zake. Mwenyekiti anasifu kila kitu isipokuwa kimoja: ile habari ya malipo sawa, anasema, iondolewe.

Baba watoto alicheka sana hapo. Mimi nilicheka kidogo.

Bila kumfunga mtu kamba

Mzazi hahitaji kumteka bosi. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeshaweka mambo ambayo wengi tunayapitia juujuu. Saa za kawaida za kazi zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na kazi ya ziada ni kwa makubaliano na kwa malipo yake. Baadhi ya wasimamizi wa ngazi za juu hawahusiki na ukomo huo. Likizo ya mwaka ni siku 28. Mama anayenyonyesha anapaswa kuruhusiwa hadi saa 2 kwa siku, ndani ya muda wa kazi, kwa ajili ya mtoto.

Ni kweli kwamba kuijua sheria ni jambo moja, na kuitaja mbele ya bosi siku ya Ijumaa jioni ni jingine. Lakini nilipojichunguza kwa haki, niligundua ripoti iliyomnyima binti yangu chakula kwenye mchezo haikuwa imeombwa usiku na mtu yeyote. Kundi la WhatsApp la kazini lilikuwa likilia, nami nikajibu ili nionekane nipo. Lumbergh wangu nilikuwa nimemleta nyumbani mwenyewe, nikamkaribisha mezani.

Kwa hiyo tulianza na vitu vidogo. Simu zote mbili hukaa juu ya friji kuanzia saa 1 hadi saa 3 usiku. Kazini nilimweleza msimamizi wangu, kabla ya tatizo na si siku ya tatizo, kwamba ujumbe wa baada ya saa 1 nitaujibu asubuhi, na jambo la dharura anipigie. Nilijiandaa kwa vita. Akaniambia yeye pia huwa anatuma usiku ili asisahau, wala hategemei kujibiwa.

Na siku moja ya likizo nilimpitisha binti yangu ofisini. Alikaa kwenye kiti changu, akakizungusha, akauliza ripoti ni kitu gani. Nilijaribu kumweleza. Nilipofika kwenye ripoti ya muhtasari wa ripoti nyingine, akaniangalia kwa huruma na kuomba juisi.

Sitaki kudanganya kwamba nyumba imetulia. Jumamosi iliyopita niliwakuta tena sebuleni na boksi lao. Mdogo akaja, akasema ana njaa. Dada akafunga kompyuta yake, akavua miwani, akaweka rimoti juu ya kabati. Moyo wangu ukafurahi.

"Ofisi imefungwa," akamwambia. "Njoo kesho."

Mtoto akaangua kilio. Nikaenda kumpa ndizi mwenyewe.