Mwanga Uvunjao Gwaride la Sumaku

Sindano iliyosuguliwa kwa sumaku huvuta pini. Lakini ikitiwa katika makaa ya jiko hata ikawa nyekundu, kisha ikapozwa, haivuti tena. Askari ataifahamu upesi sababu yake. Ndani ya chuma kila atomi ni sumaku ndogo. Zote zikielekea upande mmoja, kama askari katika gwaride, nguvu zao hujumlishwa. Joto huzitawanya.

Je, gwaride hilo huvunjika kwa muda gani? Mwaka 1996, mjini Strasbourg, Ufaransa, Eric Beaurepaire, Jean-Yves Bigot na wenzao waliupiga mwanga wa leza utando wa nikeli wenye unene wa nanomita 22. Tando zaidi ya 4,000 za namna hiyo ndizo zifikiazo unene wa karatasi moja. Kila pigo lilidumu femtosekunde 60. Na femtosekunde moja mbele ya sekunde ni kama sekunde moja mbele ya miaka milioni 32 hivi. Ilidhaniwa kwamba nguvu ya sumaku ingepungua taratibu, kadiri joto linavyoenea katika atomi. Kumbe ilishuka ghafla, katika sehemu ya kwanza ya trilioni ya sekunde! Mwanga ulizigusa kwanza elektroni, nazo ndizo zibebazo sumaku. Jinsi zinavyoipoteza upesi hivyo, wataalamu wangali wanajadiliana.

Jambo hili lina faida. Diski nyingi za kompyuta huhifadhi kumbukumbu kwa sumaku ndogo zinazoelekezwa huku au kule. Mwaka 2007, huko Nijmegen, Uholanzi, watafiti waligeuza sumaku ya utando wa gadolini, chuma na kobalti kwa mapigo ya mwanga peke yake. Kazi hiyo ingali ya maabara, lakini yatarajiwa kuleta uhifadhi wa haraka zaidi, utumiao umeme kidogo.

Elimu hiyo haiko mbali na Kigali. Tangu mwaka 2018, Chuo Kikuu cha Rwanda ni mwenyeji wa Taasisi ya Afrika Mashariki ya Utafiti wa Kimsingi, EAIFR, ambako vijana husomea fizikia ya vitu yabisi. Leza za namna hiyo ni ghali mno. Lakini mwenendo wa elektroni huweza pia kuchunguzwa kwa hesabu na kompyuta.

Basi, mtoto akiuliza jikoni kwa nini sindano iliyochomwa haivuti tena, asikemewe. Swali lake ndilo mlango wa elimu hiyo.