Uwongo wa Madola na Ushahidi wa Mwea

Msomaji wa Gachoka asikiaye Urusi na Magharibi zikirushiana shutuma, moja ikijinadi kuwa rafiki wa Afrika na nyingine kuwa mlinzi wa uhuru wa binadamu, hana haja ya kwenda mbali kutafuta mizani ya kuzipimia, kwa kuwa uwanda wa Mwea ulio jirani yake, ambao zama za ukoloni ulikuwa katika wilaya ya Embu, una ushahidi wa kutosha.

Propaganda hodari haitungwi kwa uwongo mtupu. Aghalabu husema kweli inayomfedhehesha adui, na aibu ya msemaji ikasitiriwa. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza tarehe 27 Juni 1957, mwaka ule ule ambao mahabusu wa Mau Mau walikuwa wakipigwa katika kambi za Mwea ili wakane kiapo, huku wenzao wakichimbishwa mifereji ya mashamba ambayo hata leo yatupa mchele. Radio Moscow ilipoingia uwanjani, iliushutumu ubeberu wa Kiingereza, na mengi iliyoyasema yalikuwa kweli. Lakini kambi za Siberia na vifaru vilivyoingia Budapest mwaka 1956 hazikuwa habari ilizopenda kuzitangaza.

Je, basi wote ni sawa? La, hasha. Mahabusu 11 walipouawa kwa kipigo katika kambi ya Hola tarehe 3 Machi 1959, serikali ya koloni kwanza ilidokeza kwamba maji waliyokunywa ndiyo yaliyowadhuru. Uchunguzi wa hakimu ukaibatilisha kauli hiyo, na mnamo Julai Enoch Powell, mbunge wa chama kilichotawala, akasimama Bungeni London kuilaumu serikali ya chama chake mwenyewe. Hata hivyo nyaraka za serikali ya koloni zilifichwa Hanslope Park, Uingereza, na hazikutajwa hadharani mpaka mwaka 2011, wazee wa Kenya walipokuwa wamekwisha kuishitaki Uingereza katika Mahakama Kuu ya London. Tarehe 6 Juni 2013 William Hague, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, alitamka masikitiko ya serikali yake, na wadai 5,228 wakakubaliwa fidia ambayo, pamoja na gharama za kesi, ilifika pauni milioni 19.9. Haki hiyo ilichelewa mno, na wengi walioistahiki walikuwa makaburini. Bali hiyo ndiyo fadhila ya uliberali niithaminiyo, kwamba aliyedhulumiwa aweza kumshitaki mwongo katika mahakama ya mwongo huyo huyo. Kule Urusi, tarehe 28 Desemba 2021, Mahakama ya Juu iliamuru kuvunjwa kwa Memorial, jumuiya iliyokusanya majina ya waliodhulumiwa na Stalin. Na kabla ya miezi miwili kupita, majeshi yakaingia Ukraine.

Kuithamini fadhila hiyo si kuwa mtumwa wa Magharibi. Balozi wa Kenya, Martin Kimani, akizungumza katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa tarehe 21 Februari 2022, aliukosoa mwenendo wa Urusi kwa kukumbusha mipaka tuliyochorewa na wakoloni, na katika hotuba hiyo hiyo akayashutumu madola yenye nguvu, hata yaliyomo Barazani, yanayovunja sheria za kimataifa. Novemba 2025 Waziri Musalia Mudavadi alitangaza kwamba Wakenya zaidi ya 200 huenda wamejiunga na jeshi la Urusi, baadhi yao wakiwa wamerubuniwa kwa ahadi za kazi. Na mzazi aliyepotelewa na mwana huko ana haki ya kuuliza ni mahakama ipi ya Moscow itakayolisikiliza shitaka lake.