Hatua ya Kwanza ya Bao

Barabara ya lami inayotoka Makuyuni hupita katikati ya Karatu kabla ya kupanda hadi Lodoare, lango la kuingilia Ngorongoro. Mjini humo, kama ilivyo kwingi nchini Tanzania, bao huchezwa kivulini na watazamaji hutoa ushauri bila kuombwa. Huko juu Ngorongoro, Wamasai wana enkeshui yao ya safu mbili. Bao la Kiswahili ni kubwa zaidi: safu nne, mashimo 32, kete 64.

Katika sataranji, mwenye vipande vyeupe ana hatua 20 za kuchagua anapoanza, na vitabu vingi vimeandikwa juu ya hatua hizo. Katika bao zipo nne tu. Zinastahili kuchunguzwa kwa makini vilevile.

Kila mchezaji hupanga kete 6 kwenye nyumba, shimo la tano kutoka kushoto kwake katika safu ya mbele, kisha kete 2 katika kila moja ya mashimo mawili yanayofuata kulia. Nyingine 22 hubaki mkononi. Kwa kuwa wawili hao wanatazamana, kila shimo lenye kete linakabili shimo tupu la mpinzani, kwa hiyo hakuna cha kula. Anayeanza lazima atakase, yaani asambaze bila kula, na nyumba haiguswi maadamu mashimo mengine ya mbele yana kete. Huongeza kete moja katika mojawapo ya yale mashimo mawili, halafu husambaza zote tatu kulia au kushoto.

Akisambaza kulia, hakuna kete yake inayokabili ya mpinzani. Mpinzani naye hulazimika kutakasa.

Kushoto ni vita. Tuseme ameanzia shimo la saba: kete moja huangukia la sita, moja huongeza nyumba kuwa na 7, na ya mwisho hutua shimo la nne, uso kwa uso na nyumba ya mpinzani. Angepewa zamu nyingine angeila nyumba hiyo yote. Lakini zamu si yake, na kula ni lazima: mpinzani hutia kete nyumbani mwake, huila ile moja na kuiweka kichwani, yaani katika shimo la mwisho la safu yake ya mbele, kulia au kushoto. Tishio limekufa, na mpinzani amejiongezea kete moja.

Anayejifunza na aanze kulia. Kushoto akujaribu baada ya kuzoea kulinda nyumba, maana anayeipoteza mapema katika namua, yaani kabla kete za mkononi hazijaisha, hubaki na safu ya mbele dhaifu, na safu hiyo ikiwa tupu mchezo umekwisha.