Damu Kwenye Mswaki

Asubuhi unapiga mswaki. Unatema mate na kuona yana damu. Je, utafanya nini?

Watu wengi husema, "Mswaki umenichubua." Kisha huacha kupiga mswaki. Hilo ni kosa. Mara nyingi damu hiyo ni dalili kwamba fizi zimeanza kuugua. Ukiacha kuzisafisha, ugonjwa huzidi.

Ugonjwa huu huletwa na nini?

Kila siku utando laini huota juu ya meno. Huo ndio ukoga. Kwaruza jino kwa ukucha karibu na ufizi, utauona. Ukoga una vijidudu vingi. Usipoondolewa, vijidudu hivyo hudhuru fizi.

Dalili zake

1. Fizi hutoka damu unapopiga mswaki au unapotafuna muwa.
2. Fizi huvimba na kuwa laini.
3. Rangi ya fizi hubadilika. Watu wengi wana fizi nyeusi tangu utotoni. Huo si ugonjwa. Wewe angalia kama rangi yako ya kawaida imebadilika.
4. Kinywa hunuka.

Mara nyingi hakuna maumivu. Kwa hiyo watu hupuuza. Lakini ugonjwa ukiendelea kwa muda mrefu, huweza kula mfupa unaoshika meno. Meno hulegea na kung'oka, hata kama hayana tundu. Mfupa ukishaliwa haurudi. Fizi zilizoanza tu kuvimba hupona.

Ufanye nini?

Piga mswaki mara 2 kila siku, asubuhi na usiku kabla ya kulala. Tumia mswaki laini. Kama huna, kata kijiti cha mswaki, kitafune ncha mpaka kiwe kama brashi. Sugua polepole pale jino linapokutana na ufizi, nje na ndani. Usitumie mchanga wala mkaa.

Unaweza pia kusukutua kwa maji ya chumvi. Tia nusu kijiko cha chai cha chumvi katika gilasi ya maji ya uvuguvugu. Sukutua, kisha tema. Chumvi hutuliza fizi, lakini haiondoi ukoga. Kazi hiyo ni ya mswaki.

Siku za kwanza damu itatoka. Usiache. Kwa kawaida hupungua baada ya wiki 1 au 2.

Mama mjamzito, fizi zako huvimba upesi zaidi. Usiache mswaki.

Nenda zahanati au kituo cha afya ikiwa:
— damu haikomi baada ya wiki 2;
— usaha unatoka au jino linalegea;
— ukoga umekuwa mgumu kama jiwe. Huo hukwanguliwa na mganga wa meno.
Ukivimba uso au ukipata homa, nenda siku hiyo hiyo.

Maswali

1. Kwa nini si vizuri kuacha mswaki unapoona damu?
2. Ukoga ni nini?
3. Leo usiku tazama fizi zako kwa kioo. Umeona nini?