Nafasi ya Morogoro na Milima ya Uluguru katika Uchumi na Ulinzi wa Taifa

Tunapozungumzia mahali penye umuhimu wa pekee kwa Taifa, wengi wetu hukimbilia kutaja bandari na mipaka. Morogoro haina bahari wala haipakani na nchi jirani. Hata hivyo, mji huu ulio kilomita zipatazo 190 magharibi ya Dar es Salaam ni mlango wa bara. Reli ya Mjerumani iliufikia mwaka 1907, ikipita kaskazini ya Milima ya Uluguru, yenye vilele vinavyozidi mita 2,600. Agosti 1916 jeshi la Jenerali Smuts liliuteka, na Lettow-Vorbeck akarudi nyuma kuelekea kusini. Hapa ndipo barabara za Dodoma na Iringa zinapoachana. Na hapa, mwaka 1969, ndugu zetu wa ANC walifanya mkutano wao mkuu wa kupanga upya mapambano dhidi ya makaburu.

Lakini anayetazama njia tu ameona nusu ya jambo. Pepo za Bahari ya Hindi hugonga miteremko ya mashariki ya Uluguru na kumwaga mvua nyingi. Misitu huyapokea maji hayo na kuyaachia polepole. Ndiyo asili ya mto Ruvu, unaowanywesha wakazi wa Dar es Salaam na kuendesha viwanda vyake. Hivyo jembe la Mluguru lina uhusiano wa moja kwa moja na bomba la mjini.

Wakoloni nao waliona kuwa udongo unamomonyoka; hilo hatubishi. Kosa lao lilikuwa la kisiasa. Waliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi, kazi ngumu iliyofukua udongo usio na rutuba, bila kuwasikiliza. Mwaka 1955 wananchi wa Matombo walikataa, polisi wakafyatua risasi, na mpango ukaachwa.

Swali hilo bado liko hai. Msitu wa Uluguru ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008, nasi tunaunga mkono. Lakini anayetakiwa kuacha kulima kando ya kijito ni mkulima wa mlimani, na anayefungua bomba yuko pwani. Kwa hiyo tawi la Chama huko mlimani linapojadili hifadhi, ajenda ya kwanza iwe chakula cha mkulima huyo katika msimu ambao shamba lake limepumzishwa, na mchango wa mtumiaji wa maji katika gharama hiyo.