Bili ya Simu Iliyolipia Sayansi: Kuporomoka kwa Bell Labs

Agosti 2008 kampuni ya Alcatel-Lucent ilithibitisha kwamba maabara yake ya Bell Labs, jimboni New Jersey, Marekani, inaachana na utafiti wa msingi wa fizikia. Jarida la Nature liliripoti wakati huo kuwa idara ya fizikia ya msingi katika kituo cha maabara hiyo cha Murray Hill ilikuwa imebaki na wanasayansi wanne. Hapo hapo Murray Hill ndipo transista ilipozaliwa mwaka 1947, na leo hakuna simu janja isiyobeba transista kwa mabilioni.

Taasisi kubwa ikianguka, watu hutafuta bosi mbovu wa kumtupia lawama. Kwa Bell Labs wakurugenzi wabovu walikuwepo, lakini hawatoshi kueleza kilichotokea. Maabara hii haikuishiwa vichwa, kwani hata miaka yake ya jioni ilitoa kazi zilizokuja kupewa tuzo ya Nobel. Iliishiwa mlipaji. Basi uchambuzi wa kuporomoka kwake hauna budi kuanza na fedha: nani alilipa, na kwa nini alikubali kulipa miaka nenda rudi bila kudai faida ya haraka.

Bell Labs iliundwa mwaka 1925 chini ya kampuni ya simu ya AT&T na kampuni yake tanzu ya kutengeneza vifaa, Western Electric. AT&T ilishika sehemu kubwa ya huduma za simu Marekani. Serikali iliuvumilia ukiritimba huo kwa masharti: wadhibiti ndio walioidhinisha viwango vya malipo, na gharama za utafiti zilihesabiwa miongoni mwa gharama halali za kutoa huduma. Kwa hiyo kila aliyelipa bili ya simu alichangia utafiti kidogo, ajue asijue. Mapato hayo hayakutegemea bidhaa fulani iuzike mwaka huu. Na kwa kuwa nyaya na mitambo ya simu ilijengwa idumu miongo kadhaa, kampuni yenyewe ilikuwa na sababu ya kibiashara ya kuona mbali.

Matunda ya mpango huo yanajulikana. Mervin Kelly, mwanafizikia aliyepanda hadi kuwa rais wa maabara, alitambua mapema kwamba valvu na swichi za chuma zilizokuwa zikiendesha mitambo ya simu haziwezi kubeba mtandao unaozidi kukua. Mwaka 1945 liliundwa kundi la kuchunguza tabia ya elektroni ndani ya vitu yabisi. John Bardeen, bingwa wa nadharia, alifanya kazi bega kwa bega na Walter Brattain, fundi wa majaribio, chini ya William Shockley. Miaka miwili baadaye transista ilifanya kazi, na mwaka 1956 wote watatu walipewa Nobel. Mwaka 1948 Claude Shannon alichapisha nadharia ya kihisabati ya mawasiliano, ambayo hadi leo ndiyo inayotuambia ni taarifa kiasi gani zinaweza kupita katika njia yenye kelele. Mwaka 1964, katika kituo kingine cha maabara huko Holmdel, Arno Penzias na Robert Wilson walikuwa wakihangaika na mvumo usiokoma katika antena yao. Mvumo huo ulikuja kutambuliwa kuwa masalia ya mwanzo wa ulimwengu. Mwaka 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuandika mfumo endeshi wa Unix, na Ritchie akafuatia na lugha ya programu ya C.

Elimu ya biashara nayo haikuachwa nje. Walter Shewhart, mmoja wa watu wa mwanzo wa maabara hiyo, ndiye aliyebuni chati za kudhibiti ubora viwandani, na fikra zake ziliingia katika viwanda vya Japani baada ya Vita Kuu ya Pili kupitia mtakwimu W. Edwards Deming. Kuanzia mwaka 1970 AT&T ilichapisha jarida lake la uchumi na menejimenti, The Bell Journal of Economics and Management Science, lililoheshimiwa vyuoni. Kampuni iliyosimamiwa na wadhibiti ilihitaji kuelewa bei, ushindani na udhibiti, kwa hiyo wanauchumi nao waliajiriwa kama walivyoajiriwa wanafizikia. Mwishoni mwa miaka ya 1960 maabara ilikuwa na watu wapatao 15,000, kati yao takribani 1,200 wakiwa na shahada ya uzamivu.

Jambo moja husahauliwa na wanaoililia Bell Labs. Elimu iliyozalishwa pale haikuenea kwa ukarimu wa AT&T peke yake. Mwaka 1949 serikali ilifungua kesi dhidi ya ukiritimba wake, na makubaliano ya mwaka 1956 yaliilazimisha kampuni kuwaruhusu wengine kutumia hataza zake zilizokuwepo bila kulipia, na kuizuia kufanya biashara nje ya mawasiliano ya simu. Kwa sababu hiyo AT&T haikuweza kuigeuza Unix kuwa biashara ya kompyuta. Iliigawa kwa vyuo vikuu kwa ada ndogo, na wanafunzi wa Berkeley na kwingineko wakaikuza. Umma uliolipa bili ulirudishiwa sehemu ya haki yake kwa nguvu ya sheria.

Wala ukiritimba wenyewe hauna wa kuulilia. AT&T ilipigana miaka kadhaa kuzuia Hush-A-Phone, kikombe tu cha kufunika kipaza sauti cha simu ili mtu aongee bila kusikika, hadi ikashindwa mahakamani mwaka 1956. Hatari zaidi ni yaliyompata Paul Baran wa shirika la RAND. Mapema miaka ya 1960 alipendekeza mtandao unaokatakata ujumbe katika vipande na kuvipitisha njia mbalimbali, wazo ambalo leo ndilo msingi wa intaneti. Wahandisi wa AT&T walimwambia haliwezekani. Kampuni iliyokuwa na maabara bora kuliko zote duniani katika mawasiliano ilikataa badiliko kubwa kuliko yote katika mawasiliano, kwa kuwa lilipingana na mtandao iliokwisha kuujenga.

Kwa hiyo serikali ilipofungua kesi nyingine mwaka 1974, hoja zake zilikuwa na uzito. Makubaliano yalifikiwa Januari 1982, na tarehe 1 Januari 1984 AT&T iligawanywa. Kampuni saba za mikoa zilichukua wateja wa simu za ndani, na zikaanzisha kituo chao cha utafiti, Bellcore. Bell Labs ilibaki na AT&T, ambayo sasa ilikuwa kampuni ya simu za masafa marefu inayoshindania wateja kama wengine. Mamilioni ya bili zilizokuwa zikilisha utafiti hazikuwa zake tena. Mwaka huo huo jarida la uchumi lilihamia RAND na kubadilishwa jina.

Kilichowapumbaza wengi ni kwamba maabara iliendelea kung'aa. Mwaka 1985 Steven Chu na wenzake walipoza atomi kwa mwanga wa leza pale Holmdel. Mwishoni mwa muongo huo Yann LeCun alifundisha mitandao ya neva kusoma tarakimu zilizoandikwa kwa mkono. Mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta ya kwanta ingeweza kuvunja aina ya usimbaji unaolinda miamala ya benki. Mtu angesema mgawanyo haukuiumiza Bell Labs hata kidogo. Lakini utafiti wa msingi ni kama minazi: anayeangua leo hakuipanda yeye. Kwa hiyo hesabu za tuzo, ambazo wakurugenzi hupenda kuzionyesha, ni kipimo cha maamuzi ya miaka 15 au 20 nyuma. Chu alipopewa Nobel mwaka 1997, alikuwa amekwisha kuwa profesa wa Stanford kwa miaka 10.

Pigo la pili lilikuja mwaka 1996. AT&T ilijigawa yenyewe, sehemu kubwa ya Bell Labs ikaenda kwa kampuni mpya ya vifaa, Lucent Technologies, na sehemu nyingine ikabaki AT&T. Lucent iliishi kwa macho ya soko la hisa, ambalo hudai mapato yaongezeke kila miezi mitatu. Ili kuuza zaidi, iliwakopesha wateja wake fedha za kununulia vifaa vyake yenyewe, na wengi wa wateja hao walifilisika. Hisa iliyokuwa karibu dola 84 mwishoni mwa 1999 ilishuka chini ya dola moja mwaka 2002. Wafanyakazi waliozidi 150,000 walipungua hadi chini ya 40,000 kufikia 2003. Mwaka 2004 mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani iliitoza Lucent faini ya dola milioni 25 katika shauri la kuhesabu mapato isivyo halali.

Katikati ya msukosuko huo likaja doa la kisayansi. Jan Hendrik Schön, mwanafizikia kijana wa Murray Hill, alikuwa akichapisha matokeo ya ajabu kwa mfululizo. Septemba 2002 kamati iliyoongozwa na Malcolm Beasley wa Stanford ilikuta kwamba kati ya tuhuma 24 dhidi yake, 16 zilithibitika kuwa udanganyifu. Data ghafi hazikuwepo. Kamati iliwasafisha wenzake walioandika naye, lakini iliuliza wajibu wa mwandishi mwenza unaishia wapi. Swali hilo lilikuwa zito mahali palipojengewa sifa na wenzako kuikagua kazi yako kwa ukali kabla dunia haijaiona.

Yaliyofuata yalikuwa mazishi ya awamu. Lucent iliungana na Alcatel ya Ufaransa mwaka 2006. Jengo kubwa la Holmdel, lililosanifiwa na Eero Saarinen, liliuzwa na leo ni eneo la ofisi na maduka. Tangu 2016 mwenye Bell Labs ni Nokia ya Ufini. Jina lipo, na kazi nzuri juu ya mitandao ya simu na nyaya za nuru inaendelea, ila ni kazi iliyo karibu na bidhaa za mwajiri.

Wapo wanaosema hakuna kilichopotea, kwa sababu utafiti umehamia vyuoni na katika kampuni kubwa za teknolojia. Upande wa vyuo, profesa hutegemea ruzuku za miaka michache na hutumia muda mwingi kuandika maombi ya ruzuku nyingine. Kampuni za teknolojia ndizo zinazokaribia mfano wa zamani: Google, inayokula faida nono ya matangazo, ndiko ilikotoka mwaka 2017 makala ya Transformer, msingi wa programu za akili mnemba tunazozizungumzia kila siku. Lakini kampuni hizo zinafanana na AT&T kwa mapato tu, hazifanani nayo kwa wajibu. Hazibanwi na sharti kama lile la 1956 la kufungua hataza. Zilichokichapisha zimekichapisha kwa hiari, na kampuni ikitaka, hiari hiyo huisha kesho.

Ubora wa Bell Labs ulisimama juu ya mambo matatu kwa pamoja: mapato yasiyoyumba, muda mrefu, na sheria iliyolazimisha elimu itoke nje. Mgawanyo wa 1984 uliondoa la kwanza, na soko la hisa likaondoa la pili baada ya 1996. Kuvunja ukiritimba kulikuwa na sababu za haki, na simu za masafa marefu zilishuka bei. Kosa lilikuwa kwingine. Makubaliano ya 1982 yalipanga kwa makini nani achukue nyaya, majengo na wateja, lakini swali la nani angelipia utafiti wa miaka 30 liliachiwa soko. Soko lilijibu kwa kuukata.